Mkaguzi wa Migongo: Maisha ya Malachy Garrihy wa Cloonmurra

Baba Paroko, shangazi yetu Assumpta, majirani, na nyinyi nyote mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, mimi ni Dympna, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Malachy Garrihy. Yeye mwenyewe, mwezi Februari mwaka huu, akiwa mezani jikoni na blanketi magotini, aliniwekea masharti mawili kuhusu karatasi hii. La kwanza, nisimpambe, maana amehudhuria mazishi mengi ya wilaya hii na kusikia watu waliohamisha mipaka ya mashamba ya wenzao wakigeuzwa watakatifu kwa kurasa mbili. La pili, kuna jambo la mwaka 1952 ambalo ni lazima lisomwe mbele ya parokia nzima, lakini lisisomwe mpaka dada yake, Assumpta, alisikie kwanza na kuridhia. Assumpta amelisikia. Alichojibu nitakisema mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1940, hapa Cloonmurra, magharibi mwa wilaya ya Clare, katika nyumba ile ile aliyofia, akiwa mtoto wa kwanza wa Senan na Nonie Garrihy, waliokuwa na ekari ishirini na sita, nusu yake matope, ng'ombe tisa wa maziwa, na fahari ya kutosha ekari mia mbili. Dada yake wa pekee alizaliwa tarehe 15 Agosti 1945, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ndiyo maana akaitwa Assumpta.

Alianza shule ya msingi ya Cloonmurra Septemba 1945 na kumaliza Juni 1954, na kwa mujibu wa kitabu cha mahudhurio, ambacho nimekisoma mwenyewe, alikuwa mzuri wa hesabu, wa wastani katika katekisimu, na mchelewaji wa kila siku ifikapo mwezi Machi na Aprili. Uchelewaji huo ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni nzi. Vijana waliomo humu hawajawahi kumwona nzi huyo, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze wao, wazee mnisamehe. Ni nzi mnene, mwenye manyoya kama nyuki, haumi wala hanyonyi damu, anakuja siku za jua kubandika mayai yake kwenye nywele za miguu ya ng'ombe, yai linaangua buu, buu linatoboa ngozi na kuanza safari ndani ya nyama, linatembea majira yote ya baridi, na ikifika machipuko linaibukia mgongoni, uvimbe mgumu mithili ya harage wenye tundu la kupumulia. Ng'ombe akiusikia mlio wa nzi huyo tu, huinua mkia na kukimbia kama aliyeona shetani, anavuka mitaro, anakata nyaya, maziwa yanakauka, na hata akichinjwa ngozi yake inakuwa chujio.

Basi kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kukamua migongo kabla ya shule, na hapa Cloonmurra hakukuwa na mtoto aliyekamua kama Malachy, aliyekuwa akipitisha kiganja juu ya mgongo, macho amefumba, akahesabu vinundu bila kukosea hata kimoja, kisha akaminya kwa dole gumba polepole mpaka buu linachomoka zima, kwa sababu likipasukia ndani ng'ombe aweza kuanguka pale pale. Majirani walikuwa wakipiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta, "Nonie, tuazime Dole wako!", na mama yake akijibu, "Mchukueni, lakini mmrudishe amekunywa chai!", na hivyo jina la Malachy Dole likamganda, ninyi wengi hapa hamkujua hata kama ana jina jingine.

Sasa nafika mwaka 1952.

Kiangazi kilichotangulia, Assumpta, akikaribia miaka sita, alishinda peku malishoni akichunga ng'ombe, na mchana wa joto alikuwa akilala ameegemea ubavu wa ng'ombe kama mto. Jumamosi ya tarehe 19 Januari 1952, siku ya kuoga, beseni likiwa mbele ya moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi tunaoukata na kuukausha uwe kuni, mama yao alimwita Malachy ammwagie mdogo wake maji mgongoni, naye akamwaga kwa mkono mmoja huku wa pili ukimsugua, na ule mkono uliokuwa ukimsugua ulipofika chini ya bega la kushoto ukasimama. Alikuwa na miaka kumi na moja, hakuwa amesoma utabibu, lakini kiganja chake kilikuwa kimesoma. Jumatatu uvimbe ule haukuwa tena begani, ulikuwa umepanda karibu na shingo.

Asubuhi hiyo alimfuata baba yake zizini, akamwambia, "Baba, Assumpta ana buu." Senan hakugeuka, aliendelea kukamua, akasema, "Umesema nini?" Akasema, "Ana buu la ng'ombe, Baba, linatembea, nimelishika." Hapo Senan aliinuka, akamshika sikio, na maneno aliyomwambia, baba yetu aliyabeba miaka sabini na moja bila kupoteza hata neno moja: "Mtoto wa nyumba hii si ng'ombe. Ukilitamka hilo tena, hata kwa mama yako, utanitambua. La nyumbani halitoki nyumbani."

Mkitaka kumhukumu babu yangu, mhukumuni, mimi nimekwisha kumhukumu mara nyingi, lakini mhukumuni mkijua alichokuwa anakiogopa. Katika nchi hii, kumbukumbu ya vibanda ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja ilikuwa bado mbichi, mababu zetu wote walitoka humo na wajukuu wote wakaapa kwamba ni mababu wa wengine, na tusi baya kuliko yote ambalo mtu angeweza kutupiwa mnadani lilikuwa kwamba kwao wanalala na ng'ombe. Mtoto mwenye funza wa ng'ombe mwilini angekuwa ndiyo ushahidi. Kwa hiyo mtoto alifungwa kola mpaka kidevuni, akaachishwa shule, na parokia ikaambiwa ana mafua.

Mwalimu wao, Bwana Hehir, alikuwa na kaka yake daktari, jambo ambalo watoto wote walilijua. Alimsimamisha Malachy mara mbili, mara ya kwanza mwishoni mwa Januari, mara ya pili katikati ya Februari, akamwuliza, "Dole, dada yako ana nini hasa?", naye mara zote mbili akajibu, "Mafua, Bwana Mwalimu." Mara ya pili mwalimu aliinama, akamwangalia usoni, akasema, "Mafua gani hayo ya wiki nne, mwanangu? Niambie tu, sitakuchapa." Malachy akasema, "Mafua makali, Bwana Mwalimu."

Tarehe 23 Februari jicho la kushoto la Assumpta lilivimba likafumba, na tarehe 26 walimpeleka hospitali mjini kwa gari la kuazima, ambako jicho lilitolewa. Daktari alitoka na kisahani chenye buu, akawaambia wazazi kwamba mtoto angeletwa wiki mbili kabla, kitu hicho kikiwa bado shingoni, labda angekitoa kwa wembe na plasta moja. Senan akajibu, "Hatukujua, daktari. Nani angejua kitu kama hicho?" Malachy alikuwa amesimama hapo kando, kofia mkononi.

Parokia iliambiwa mtoto aliangukia ua wa miiba. Miaka sabini na moja mmeuamini mwiba huo, wengine wenu mmewaonya watoto wenu kwa mwiba huo, na najua ua wenyewe mnauonyeshana. Haukuwa mwiba. Baba yetu aliomba tuwaambie hivyo leo, naye asiwepo kukwepa macho yenu, au kama alivyosema mwenyewe, "Niwepo, lakini nimelala." Kilichomsumbua si kile ambacho baba yake alisema, kwa sababu baba alikuwa baba. Kilichomsumbua ni kwamba yeye aliulizwa, kwa upole, na mtu mwenye uwezo wa kusaidia, na akajibu mafua.

Baada ya shule alifanya kazi shambani, mwaka 1958 hadi 1959 alisoma chuo cha kilimo, kisha akaendesha gari la kukusanya maziwa mpaka 1967. Tarehe 1 Septemba mwaka huo aliajiriwa kuwa mkaguzi wa migongo, kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua kummaliza nzi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: vuli, kabla Novemba haijaisha, kila ng'ombe amwagiwe dawa mgongoni, na machipuko mkaguzi apite zizi kwa zizi akipapasa kila mgongo kuanzia mabegani mpaka mkiani. Asipokuta kitu, alikuwa akimpiga ng'ombe kofi dogo kiunoni na kusema, "Mgongo safi," kisha anaandika katika daftari lake jeusi. Yapo madaftari sitini na mawili, chini ya kitanda, na kama kuna anayetaka kujua hali ya mgongo wa ng'ombe wa babu yake mwaka 1973, anione baada ya chai.

Alitaniwa, na alijua kutania. Mzee mmoja wa upande wa mto, ambaye sitamtaja kwa kuwa mjane wake ameketi safu ya nne, kila mwaka alikuwa akimwambia, "Malachy, ukimaliza hapa ingia ndani umpapase na mama watoto, analalamika mgongo," na baba yetu kila mwaka alimjibu, "Dawa ya Oktoba ulimpa?"

Tarehe 12 Juni 1968 alifunga ndoa takatifu na Carmel Lillis, mama yetu, aliyekutana naye dansini miaka miwili kabla. Mama alipenda kusimulia kwamba yule kijana alikuwa akicheza kama mtu anayetafuta kitu mgongoni mwake, ikabidi amwulize, "Umekipata?", naye akasema, "Bado," na wakaendelea kucheza mpaka bendi ikafungasha vyombo. Walijaliwa watoto wawili, mimi, tarehe 30 Aprili 1969, na mdogo wangu Enda, tarehe 8 Desemba 1972, ambaye ndiye anayelilima shamba sasa. Kila Jumamosi ya miezi ya baridi, kabla ya kuoga, baba alitupapasa migongo, polepole, macho amefumba. Nilidhani baba wote duniani hufanya hivyo, na nilifika chuo kikuu Dublin nikiwa na miaka kumi na tisa ndipo wenzangu waliponitazama kwa namna iliyonifundisha kwamba sivyo. Mama alitangulia mbele ya haki tarehe 14 Oktoba 2011.

Nisiporuka jambo, basi nisiruke na la mwaka 1979, kwa kuwa nusu yenu mlilizungumza kwa sauti na nusu nyingine kwa kunong'ona. Siku ya dawa hapa Cloonmurra ilikuwa Jumanne tarehe 17 Oktoba 1978, na baba alipofika kwa baba yake alihesabu ng'ombe wanane. Akauliza, "Drimin yuko wapi?" Drimin alikuwa ng'ombe wa mgongo mweupe, kipenzi cha mzee, mwenye maziwa kuliko wote. Senan akasema, "Nimemuuza." Ukweli ni kwamba Drimin alikuwa amefichwa kwenye banda la mboji, kwa sababu maziwa ya ng'ombe aliyetiwa dawa yanamwagwa siku kadhaa, na babu yangu kumwaga maziwa kulimuuma kama kumwaga damu. Baba alijua kuwa ni uongo, aliniambia hivyo mwenyewe, maana alisikia mlio wa Drimin alipokuwa akifunga lango. Akaandika, "Ameuzwa." Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuandika mafua.

Januari, Senan akaanza kuogopa ukaguzi wa machipuko, akachukua mabaki ya dawa, akammwagia Drimin mwenyewe. Wakulima mliomo humu mmeshatikisa vichwa. Wasiojua niwaambie tu kwamba mwezi wa Januari mabuu yanakuwa yamelala ndani ya uti wa mgongo, na yakifia humo, uti unavimba. Tarehe 24 Januari 1979 baba aliitwa, akamkuta Drimin ameketi kwenye theluji kama mbwa, miguu ya mbele inataka kusimama, ya nyuma imekufa, na mzee Senan amemfunika koti lake mwenyewe. Senan akasema, "Ameteleza kwenye barafu. Andika ameteleza." Baba alikuwa akipapasa mgongo. Senan akasema tena, "Malachy. La nyumbani halitoki nyumbani."

Aliandika kama ilivyokuwa. Drimin alipigwa risasi alasiri hiyo, Senan alifikishwa mahakamani mwezi Machi akatozwa faini, jina likatoka gazetini, na watu wa parokia hii wakasema Malachy Dole amemshtaki baba yake mzazi kwa ajili ya ng'ombe. Kuna baa ambayo kwa mwaka mzima akiingia, wanaume walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Hakujitetea hata siku moja. Angeweza kusema kwamba hakuwa akiandika habari za ng'ombe, lakini kusema hivyo kungemlazimu kusema na lile jingine, na lile halikuwa lake peke yake.

Kwa miaka mitatu Senan hakumsemesha mwanawe. Walikuwa wakionana kila siku, uwanja mmoja, chakula cha Jumapili meza moja, na mzee alikuwa akizungumza na mbwa. "Shep, mwambie mkaguzi apitishe viazi." Na baba, bila kucheka, alikuwa akisema, "Shep, mwambie mzee viazi hivyo hapo." Vuli ya 1981 ilipofika siku ya dawa, tulikuta ng'ombe wote wamepangwa mstari kabla ya mapambazuko kukamilika, wa kwanza katika parokia, na mzee amesimama langoni. "Shep," akasema, "mwambie mkaguzi ahesabu. Wako tisa." Baba akahesabu, akawatia dawa, na machipuko yaliyofuata akarudi kuwapapasa wote tisa, mmoja baada ya mwingine, akafika wa mwisho akampiga kofi kiunoni, akasema, "Mgongo safi." Mzee akasema, na Shep alikuwa amelala ndani, "Chai ipo." Wakaingia. Senan alifariki tarehe 9 Novemba 1984, na habari ya mwiba hakuigusa mpaka anakata roho.

Buu la mwisho la parokia hii baba alilikamua tarehe 11 Aprili 1985, kwa fahali mdogo aliyenunuliwa mnadani, akalitia ndani ya chupa ya jamu yenye spiriti, na likakaa dirishani mwa jikoni mpaka leo, mama alilichukia, na wageni wawili tunaowafahamu walidhani ni achari. Tangu hapo, kwa miaka ishirini, alipapasa migongo isiyo na kitu, zizi kwa zizi, mpaka alipostaafu mwaka 2005. Alifanya kazi mpaka kazi ikaisha, jambo ambalo watumishi wengi wa serikali hulikwepa.

Na kila mwaka, tarehe 15 Agosti, alikuwa akimpelekea dada yake trela la mboji kavu, akalipanga ukutani mwenyewe, kipande juu ya kipande. Assumpta alisimamia posta ya kijiji tangu 1966 mpaka ilipofungwa 2008, alijiweza, na kila mwaka alimwambia, "Malachy, sina haja, nina mafuta ya kupashia nyumba." Naye kila mwaka akasema, "Mafuta yanakwisha." Hakukosa mwaka hata mmoja.

Mwezi Septemba 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo, akafanyiwa upasuaji Oktoba, na akaanza dawa ambazo, pamoja na mengine, zilimwondolea hisia viganjani. Alilichukulia hilo kwa ubaya kuliko saratani yenyewe. Nilimkuta siku moja amesimama ubavuni mwa ng'ombe wa Enda, mkono mgongoni, ananiambia, "Dympna, naona ninamgusa, lakini simjui." Februari mwaka huu ndipo aliponisimulia haya yote. Nilimwambia, "Baba, mwambie mwenyewe. Anakaa maili mbili." Akasema, "Nitamwambia wiki ijayo." Assumpta alikuja kila Alhamisi na mkate wa magadi, akaketi naye, wakazungumza habari za mvua, na kila Ijumaa nikamwuliza, na kila Ijumaa ilikuwa wiki ijayo. Mtu aliyetembea katika kila zizi la wilaya hii, akaingia kwa mafahali na kwa wazee wakali kuliko mafahali, hakuweza kuvuka meza ya jikoni. Wiki zikaisha. Alifariki Jumanne tarehe 2 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mimi na Enda tukiwa tumemshika mikono ambayo haikuweza kutusikia.

Jumatano mchana nilimketisha shangazi jikoni, nikamweleza. Nilikuwa nimeandaa maneno, nina shahada mbili za maneno, na yote yaliniishia kwenye neno beseni. Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia ile chupa ya dirishani, kisha akasema, "Wewe mtoto, unadhani sikujua? Siku ile nilikuwa bado na macho mawili. Mkono uliposimama niligeuka nikamwangalia usoni, nikaona amejua, na yeye akaona nimeona. Miaka yote hii nilikuwa nangojea aseme, basi. Nisingemfanya kitu. Yeye ananiletea mboji." Nikamwuliza kama niisome. Akasema, "Isome yote. Usiruke hata mafua. Na ukifika kwenye jicho, usifanye sauti ile ya huruma, nitatoka nje." Sikuifanya, shangazi, umesikia.

Familia inawashukuru daktari wetu wa kijiji na wauguzi wa saratani waliokuja mpaka nyumbani hata barabara ilipojaa maji, majirani waliokamua ng'ombe wa Enda wiki hizi tatu bila kuombwa, wakaguzi wenzake wa zamani walioketi pale kulia, ambao wamebaki wanne, akina mama walioandaa mikate na chai huko ukumbini, na Baba Paroko, aliyeruhusu karatasi ndefu kuliko kawaida bila kutaka kuiona kwanza. Tunawashukuru pia wale ambao mwaka 1979 mlitoka baa alipoingia, na leo mmekuja. Kukosea mlikosea, lakini mmekuja.

Limebaki moja. Jumatano hiyo, baada ya kuniambia niisome, shangazi aliingia chumbani, ambako Enda na mwosha maiti walikuwa hawajamaliza kumvisha, akasema, "Mgeuzeni." Mwosha maiti akaniangalia, mimi nikamwangalia Enda, na Enda akamgeuza. Assumpta akavua saa yake ya mkononi, akafumba jicho lake moja, akaweka kiganja kwenye bega la kushoto la kaka yake, akakishusha polepole mpaka kiunoni, akarudi juu, akashuka tena upande wa pili, hakuruka mahali. Ilichukua muda mrefu. Watu hudhani upande wa jicho la kioo haulii. Unalia.

Kisha akampiga kofi dogo kiunoni, akasema, "Safi."

Malachy Garrihy, Dole, baba yetu, umekaguliwa na mwenye haki ya kukukagua. Lala salama.